Tuko Tayari Kuzika Mwenyekiti

Hapa Kimulot, kwenye vilima vya chai, mtu akionekana na miwani na kalamu kwenye mfuko wa shati, kwisha habari yake, atafanywa katibu. Mimi ni katibu wa mradi wa maji, katibu wa kamati ya mazishi, katibu wa kikundi cha kuweka akiba, na zinapoanza harambee za karo mwezi wa Januari sisubiri hata kupendekezwa. Nachukua daftari, nakaa. Kazi yenyewe haina mshahara. Ina chai, na chai ndicho kitu pekee ambacho hakuna boma la Kimulot linalokikosa.

Lakini si mikutano inayonizeesha. Ni karatasi. Mtu anakukuta jioni umeketi, mgongo unauma baada ya siku nzima ya kuchuma. Anakaa, anauliza habari za ng'ombe, anauliza habari za mvua, kisha anatoa karatasi iliyokunjwa ikakunjika. "Katibu, hebu niangalizie hii kidogo, uone kama Kiingereza kimekaa." Kidogo! Navaa miwani, naikunjua, na kabla sijajua kama barua inaomba kazi, basari au msamaha, shinikizo la damu limeshapanda. Ni mikato. Ama haipo kabisa, ukurasa unateremka kutoka juu mpaka chini bila breki, ama imemwagwa yote mahali ambapo haina kazi.

Mahali hapo ni anwani. Tazama barua yoyote ya hapa kwetu. Jina la mwandishi, mkato. Sanduku la posta, mkato. Mji kwa herufi kubwa, nukta. Kisha upande wa kushoto anaandikiwa mkubwa: cheo chake, mkato, ofisi yake, mkato, sanduku lake, mkato, mji wake, nukta. "Dear Sir", mkato. Hapo mwandishi amemaliza akiba yake yote, na barua bado haijaanza. Kuanzia "I hereby" mpaka "Yours faithfully" ni mwendo mmoja: karo, ng'ombe aliyekufa, daraja lililobebwa na maji na shukrani kwa serikali ya kaunti vyote vimo ndani ya sentensi moja, vinasukumana kama abiria wa matatu ya mwisho. Na hakuna barua iliyowahi kupotea posta kwa sababu sanduku halikuwekewa mkato. Zinazopotea ni zile zilizofika, zikasomwa, na mkubwa akashindwa kujua anaombwa nini.

Chanzo cha maradhi haya nakijua. Shuleni tuliambiwa mkato ni mahali pa kupumua. Ukisoma ukaona pumzi imekwisha, tia mkato. Kwa heshima zote, fundisho hilo labda lingefaa Mombasa, ambako mtu hupumua akitaka. Sisi tunakaa kwenye vilima vya mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Mzee aliyepanda kutoka mtoni na mzigo wa majani mgongoni anapumua kila baada ya hatua mbili, na barua yake ndivyo inavyokwenda: "I, the undersigned, wish, to, inform, your office." Upande wa pili tuna vijana wetu wa kukimbia, wale wanaopita barabara ya murram alfajiri wakizungumza kana kwamba wameketi. Ukimwachia mmoja wao aandike kwa pumzi zake utapata kurasa nzima bila mkato hata mmoja, na nukta ataiweka akifika Kericho.

Kwa haki, mwalimu wetu hakulitunga fundisho lile. Alichelewa tu, kwa miaka 2,200 hivi. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, Aristophanes wa Byzantium, mkutubi wa maktaba kuu ya Alexandria, aliona watu wanavyohangaika na maandishi ya Kigiriki ambayo maneno yake yalifuatana bila nafasi, akabuni vitone vya kumwonyesha msomaji atue wapi na atue kwa muda gani. Zamani hizo kusoma mara nyingi kulikuwa kusoma kwa sauti mbele ya watu, kwa hiyo pumzi ilikuwa na maana yake. Hiki kialama chenye mkia tunachokijua leo kilipata umbo lake mwishoni mwa karne ya 15, katika kiwanda cha uchapaji cha Aldus Manutius kule Venice. Na kadiri watu walivyozoea kusoma kimya, mkato ukahamishwa kutoka idara ya mapafu ukapelekwa idara ya maana. Barua ya uhamisho haijafika Kimulot.

Kilichofika ni mtihani. KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, uliofanywa kuanzia 1985 hadi 2023, ulikuwa na insha ya dakika 40, na dakika hizo zilizaa kizazi kizima kinachoamini kwamba Kiingereza ni mapambo. Mtoto wa Kimulot, ambaye asubuhi anaamka na ukungu na alasiri anapigwa na mvua ya mawe, alianza insha yake kwa jua linalotabasamu, mkato, ndege wanaoimba kwa sauti tamu, mkato, na upepo mwanana unaobembeleza majani, mkato. Hakuna mtu aliyemuuliza jua hilo alilionea wapi. Mtihani umezikwa, lakini watoto wake ndio makarani, wachungaji na wenyeviti wa leo, na mikato yao bado inatembea.

Sasa sikilizeni, maana sitarudia bure. Mkato hauna undugu na mapafu. Mkato ni kijia katika shamba la chai. Aliyewahi kuchuma anajua: ukipanda chai ukaiacha ifunge bila vijia, mchumaji hatakaa nje kukusubiri. Ataingia hivyo hivyo, ataipasua mahali panapompendeza yeye, na kuanzia siku hiyo shamba lako litagawanywa na mguu wake. Na ukikata vijia ovyo, kila hatua kijia, hutabaki na chai. Msomaji ni yuleyule mchumaji. Usipomwonyesha apite wapi, atajipitia.

Kuna mfano mmoja ambao kila kijana aliyefika kidato cha pili hunitumia kwa simu akidhani ndiye wa kwanza kunitumia: ule wa nyanya anayekaribishwa mezani, mkato unadondoka, nyanya anageuka chakula. Umenichosha. Hapa kwetu nyanya, kogo kama tunavyomwita, haliwi; yeye ndiye anayepakuliwa wa kwanza. Tunao mfano wetu, na ulitokea mchana kweupe.

Ilikuwa siku ya mazishi ya mzee mmoja wa kijijini. Mwenyekiti wa kamati alikuwa njiani na mwili kutoka mochari, akiuliza kwenye kikundi cha WhatsApp kila mara kama kaburi liko tayari. Vijana waliokuwa shimoni, mikono imejaa udongo mwekundu, wakamjibu kwa adabu zote: "We are ready to bury chairman." Baina ya kuzika na mwenyekiti hapakuwa na kitu. Kikundi kile kina watu wa Nairobi, watu wa Nakuru na wengine wako kazini Qatar. Kabla gari halijafika, binti yake mwenyekiti alikuwa amepiga simu nyumbani akilia, shemeji yake ameshauliza maziko ni lini, na kijana mmoja wa Qatar ametuma rambirambi ya shilingi elfu mbili. Mwenyekiti mwenyewe alifika salama, akashuka, akaongoza ibada ya kaburini. Pesa za rambirambi hajazirudisha hadi leo. Anasema hazina haraka, siku moja zitahitajika tu.

Kanuni yenyewe mtoto anaielewa. Ukimwita mtu ndani ya sentensi ya Kiingereza, iwe kwa jina au kwa cheo, mtenge kwa mkato. Ukimwacha amegusana na kitendo, kitendo kitamkamata. Nimeisema kwenye kamati, nimeiandika kwenye kikundi, na vijana wakanijibu: "Noted katibu." Bila mkato.

Halafu kuna mikato inayotembea miwili miwili, na hiyo ndiyo hatari kuliko zote, kwa sababu inafanana na usomi. Jioni moja tulikuwa kwenye kituo cha kununulia chai tunangojea lori la majani, ambalo huja likipenda. Kwenye nguzo ya kituo palikuwa na tangazo limepigiliwa misumari, limeandikwa kwa kalamu nene: "Farmers, who bring bad leaf, will be rejected." Nililisoma, nikavua miwani nikaipangusa, nikalisoma tena. Bila ile mikato miwili tangazo lingekuwa linawagusa wale tu wanaoleta majani mabovu. Lakini mikato ikishaingia, maneno ya katikati yanakuwa maelezo ya pembeni, na kinachobaki ni kwamba wakulima watakataliwa. Wote. Na hayo ya pembeni yanasema wakulima wote huleta majani mabovu. Alama mbili, kila moja ndogo kuliko siafu, zilikuwa zimetushtaki, zimetuhukumu na kutufukuza sote, pamoja na yule mama aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni, ambaye tangu aanze kuchuma hajawahi kuleta zaidi ya majani mawili na chipukizi.

"Karani," nikamwita, "kwa hivyo mmetukataa sote?"

Akatazama tangazo, akanitazama mimi. "Aah, mzee. Si unaelewa tu tunamaanisha nini."

Hiyo ndiyo sarufi ya nchi hii: si unaelewa tu. Imeandikwa vibaya, lakini si unaelewa tu. Basi mbona ile mizani ikisoma nusu kilo pungufu hatuambiani si unaelewa tu? Hapo kituo kizima kinasimama. Kikapu kinateremshwa, kinapandishwa upya, mtu anaitwa kutoka nyumbani aje kushuhudia, na karani anaulizwa kama mama yake anamjua. Nusu kilo ya majani mabichi! Lakini mikato miwili imetufanya sote wahalifu, na watu wamejiegemeza juu ya tangazo lenyewe wakila mahindi ya kuchoma.

Na msiniambie watu wa Kimulot hawauoni mkato. Wanauona vizuri sana ukikaa ndani ya pesa. Msimu wa bonasi ukifika, simu ikilia mlio wa ujumbe, mzee ambaye hajawahi kushika kitabu anaisogeza juani, anakunja uso, na jambo la kwanza analotafuta ni mkato umekaa wapi. Anajua kwamba 9,800 ni deni la duka na 98,000 ni mabati ya nyumba nzima. Hapo haulizwi wala haelekezwi. Hata lile lalamiko letu la miaka yote, kwamba wenzetu wa mashariki ya Bonde la Ufa hupata bonasi nono kuliko sisi wa magharibi, huanzia hapo, kwenye kulinganisha tarakimu zilizotangulia mkato wao na zilizotangulia wetu. Na kwenye harambee moja, mtu aliandika ahadi yake kuwa "10,00". Mweka hazina akasoma elfu kumi, mwenye ahadi akasema ni elfu moja, na msema chochote alikuwa ameshaitangaza kwa kipaza sauti na akina mama wameshapiga vigelegele. Mkato ule ulijadiliwa mpaka giza likaingia. Kwa hiyo uwezo upo.

Basi jioni ile, lori lilipozidi kuchelewa, nikaamua kuzungumza nao lugha wanayoielewa, yaani pesa na maziwa. Nikawaambia kwamba huko Maine, jimbo la kaskazini mashariki mwa Marekani, kuna kampuni ya maziwa iitwayo Oakhurst Dairy. Mwaka 2014 madereva wake waliishtaki wakidai malipo ya saa za ziada. Sheria ya jimbo iliwanyima malipo hayo watu wanaofanya kazi fulani na vyakula vinavyoharibika upesi. Kazi zenyewe ziliorodheshwa: kutia makoponi, kusindika, kugandisha, kukausha, kuhifadhi, na mwishoni kabisa kufungasha kwa kusafirisha au kusambaza. Kabla ya ile "au" ya mwisho hapakuwa na mkato. Kampuni ikasema hizo ni kazi mbili, kufungasha ni moja na kusambaza ni nyingine, na ninyi madereva kazi yenu ni kusambaza, kwa hiyo hamna chenu. Madereva wakasema la, hiyo ni kazi moja, kufungasha, iwe mzigo ni wa kusafirishwa au wa kusambazwa. Na sisi hatufungashi hata kibiriti, sisi tunashika usukani.

"Wakapewa?" akauliza mama wa majani mawili na chipukizi.

Wakapewa. Machi 2017 Mahakama ya Rufaa kule Boston iliona kwamba sentensi ile haieleweki, na sheria ya namna ile ikiwa na utata husomwa kwa kumfaa mfanyakazi. Jaji alianza hukumu yake kwa kusema waziwazi kwamba kesi nzima imeletwa na mkato uliokosekana. Mwaka 2018 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5. Wabunge wa Maine nao wakarudi kuiandika sheria upya, na safari hii wakatenganisha kila kazi kwa nukta-mkato, maana mkato mtupu ulikuwa umeshawatia hasara ya kutosha.

"Dola milioni 5 kwa mkato?"

"Kwa kukosa mkato."

Sasa mngewaona. Mahindi yaliwekwa chini. Mweka hazina wa mradi wetu wa maji, ambaye mimi nikisoma kumbukumbu za mkutano huwa amesinzia, alisogea mbele akaniomba nirudie pale pa mikato miwili. Kijana mmoja akauliza kama mkataba wa kuuza majani unapatikana mahali mtu aupekue. Mzee mmoja akataka kujua kama kuna mtu aliyewahi kufa kwa mkato.

Yupo, nikamwambia, au watu husema hivyo. Roger Casement, yule konseli wa Uingereza ambaye ripoti yake ya 1904 ilianika ukatili waliotendewa watu wa Kongo chini ya Mfalme Leopold, alishtakiwa kwa uhaini mwaka 1916, kwa kuwa alikwenda Ujerumani wakati wa vita kutafuta msaada wa kuikomboa Ireland. Sheria ya uhaini ilikuwa ya mwaka 1351, imeandikwa kwa Kifaransa cha kale, na alama zake zilikuwa za kutiliwa shaka. Wakili wake alidai kwamba ukiisoma ilivyo, uhaini ni ule unaotendwa ndani ya nchi ya mfalme, na mteja wake alikuwa Ujerumani. Majaji wakaisoma kwa namna nyingine, na namna hiyo ilitegemea mahali pa kukata sentensi. Akanyongwa tarehe 3 Agosti 1916. Tangu hapo husemwa kwamba aliyemnyonga ni mkato.

Mzee akatikisa kichwa. "Ndiyo maana sisi tulikuwa tunapatana kwa mdomo, mbele ya mashahidi."

Wala haya si mambo ya Wazungu peke yao. Mei 2010, rasimu ya katiba yetu ikiwa inachapishwa, iligunduliwa kwamba maneno mawili ya Kiingereza, yanayohusu usalama wa taifa, yameingizwa kwenye kifungu cha haki bila idhini ya mtu yeyote anayejulikana. Nchi nzima ilipiga kelele, na ilikuwa na haki ya kupiga. Lakini hayo yalikuwa maneno mawili, yanaonekana. Je, mtu huyo angeingiza mikato miwili, nani angepiga kelele? Tungeambiwa si tunaelewa tu.

Mkidhani basi dawa ni kuongeza mikato, subirini. Kwenye mazishi mengine, si ya mwenyekiti, nilipewa kijitabu cha rangi, kimechapwa vizuri, picha ya marehemu akiwa amevaa suti. Ukurasa wa wasifu unasema: "He is survived by two wives, a teacher, and a farmer." Kila mtu anamjua marehemu. Alikuwa na wake wawili, mkubwa ni mwalimu, mdogo ni mkulima. Lakini ule mkato uliowekwa baada ya mwalimu umefungua orodha: wake wawili, kisha mwalimu mmoja, kisha mkulima mmoja. Jumla watu wanne. Nikaanza kuona vichwa vinageuka kwenye viti vya nyuma. Huyu mwalimu ni nani? Alikuwa anamfundisha nini marehemu? Na mkulima naye, analima shamba gani? Mke mkubwa alishika kile kijitabu kwa mikono miwili kama anayetaka kukikamua. Msicheke. Katika kesi za mirathi za nchi hii vijitabu vya mazishi hupelekwa kortini kama ushahidi wa nani alitambuliwa kuwa mke na nani mtoto. Mkato ule unaweza kudai ekari.

Kwa hiyo mtu asije kuniuliza kama mkato wa kabla ya "and" uwekwe au usiwekwe. Wenye lugha yao wamegawanyika: wachapishaji wa Oxford huuweka, magazeti mengi ya Uingereza huuacha, na kila upande unauona mwingine kama washenzi. Jibu langu la Kimulot ni hili: hesabu wake kwanza, kisha uandike.

Mpwa wangu anasema najisumbua. "Mjomba, siku hizi simu inaweka mikato yenyewe." Akachukua barua yetu ya kuomba mabomba ya maji, akaitia kwenye programu, ikarudi imenyooka. Mikato yote ilikuwa mahali pake, sikupata pa kugusa. Ila sasa barua ilikuwa inazungumza kama balozi wa Uswisi. Ilimtakia afisa wa maji afya njema na kumhakikishia dhamira yetu thabiti ya kujenga ushirikiano endelevu, na mabomba yenyewe yalitajwa mara moja, karibu na mwisho, kwa aibu. Na bado simu haijui wake wa marehemu walikuwa wangapi. Haijui kama wanaoleta majani mabovu ni baadhi yetu au ni sote. Hayo hayamo kwenye sarufi, yamo kijijini, na mtu asiyejua kilichotokea hawezi kujua mkato unakaa wapi hata akiwa na programu ya milioni.

Ndipo nikaamua kuchukua hatua. Kwenye mkutano wa mradi wa maji, tulipofika mengineyo, nilisimama nikatoa hoja: kuanzia leo, mtu atakayeandika tangazo, barua au ujumbe wa mradi akatumia mikato vibaya, atozwe faini ya shilingi ishirini, na pesa ziende kwenye ukarabati wa tangi. Niliieleza vizuri, nikatoa mifano, nikawataja madereva wa Maine. Hoja ikaungwa mkono haraka kuliko hoja yoyote niliyowahi kutoa, jambo ambalo lilipaswa kunitia wasiwasi. Kwa kuwa mtoa hoja haandiki hoja yake mwenyewe, kalamu alipewa naibu wangu, kijana msafi wa mwandiko. Akaandika, akasimama, akasoma, na mweka hazina akaomba karatasi aione kwa macho yake. Imeandikwa: "Members, who misuse commas, will be fined twenty shillings."

Nilikuwa ndiyo kwanza nafungua mdomo kumsahihisha naibu, mweka hazina akawa amevua kofia na ameshaanza kuizungusha, safu ya kwanza, safu ya pili, kila mtu ishirini. Alipofika kwangu nikamwambia arudishe hiyo kofia kichwani, mimi sijakosea mkato wowote.

"Katibu," akasema, akinionyesha karatasi kwa kidole, "hii mikato miwili si ulitufundisha mwenyewe kule kituoni? Ikiwa huku na huku, maana yake ni wanachama wote. Toa ishirini."

Nimetoa. Risiti bado naidai.